Babu yako kaandikwa "boy"? Soma hapa kabla hujakasirika

Leo tuache kidogo ishu za foleni ya malori hapa boda, tuongee kuhusu zile karatasi za zamani ambazo wazee wetu wameficha kwenye masanduku ya bati.

Jamaa yangu mmoja alinionyesha kadi ya kazi ya babu yake, ya mgodi wa shaba kule Rodeshia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kwenye kazi imeandikwa "Machine Boy". Tukaingia kwenye kamusi, "boy" ni mvulana. Jamaa akaanza kusema babu alipelekwa mgodini akiwa mtoto. Kumbe bibi anasema wakati huo mzee alishaoa na ana watoto wawili!!

Tatizo ni kwamba tunasoma maneno ya mkoloni kwa kamusi ya leo. Watu wa huku walikwenda kwa wingi Copperbelt, na wengine kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, kwa hiyo karatasi hizi zipo kwenye nyumba nyingi. Haya ndiyo maneno utakayokutana nayo:

1. "Boy". Mwafrika yeyote mwanaume aliyeajiriwa, hata awe na mvi. Halikuonyesha umri, lilionyesha cheo alichopewa mtu mweusi. "Machine Boy" alikuwa fundi wa kutoboa mwamba kwa mashine. "Boss Boy" alikuwa msimamizi wa wenzake chini ya mgodi. Hata tandiboi wa lori ametokana na neno hilohilo.

2. "Headman". Hapa ndipo koo zinapogombana. Kwenye karatasi za kijiji ni jumbe. Kwenye karatasi za mgodi au shamba ni nyapara tu. Usije ukadai ukoo wenu ulikuwa wa utawala kumbe babu alisimamia kikosi cha vibarua. Na jumbe naye si mwene, alikuwa chini yake. Serikali ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, lakini ugomvi wa nani alikuwa nani haujaisha mpaka leo.

3. "Messenger". Usidharau! Leo tarishi anabeba mafaili, lakini "District Messenger" wa Rodeshia ya Kaskazini alivaa sare, alizunguka vijijini na bwana DC, aliita watu na kukamata watu. Aliogopwa.

4. "Tribal Dresser". Familia nyingi zinasema babu alikuwa daktari. Huyu alifundishwa kwa muda mfupi kufunga vidonda na kutoa dawa za kawaida, akalipwa na utawala wa wenyeji. Kazi ya heshima sana, ila si daktari.

5. "Carrier". Mpagazi wa vita ya 1914 mpaka 1918. Jina la Kariakoo pale Dar limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Upande wa pili wa boda waliitwa tengatenga. Walikufa wengi kwa njaa na magonjwa, kwa hiyo ukikuta jina la ndugu yenu hapo na hakurudi, jibu linaweza kuwa hilo.

6. "Native". Si sifa, ni hadhi ya kisheria. Ndiyo iliyoamua ulipe kodi gani na ushitakiwe mahakama ipi.

Sasa utajuaje maana sahihi? Kwanza angalia mwaka na nani aliyetoa karatasi: bwana DC, mgodi au misheni. Pili angalia mshahara, maana nyapara alilipwa zaidi ya kibarua. Tatu, muulize mzee neno hilo waliliitaje kwa Kinyiha, Kinyamwanga au Kindali. Usianze na kamusi, anza na bibi!

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuna Nyaraka za Taifa pale Dar na zile za Zambia kule Lusaka. Ila usitafute mkoa wa Songwe, huu umezaliwa 2016. Enzi za Mwingereza Mbozi na Tunduma zilikuwa chini ya Mbeya, na Ileje chini ya Rungwe.

Yule jamaa yangu alirudi nyumbani akamweleza bibi maana ya "Machine Boy". Bibi akacheka, akasema ndiyo maana mzee alikuwa hasikii vizuri, ile mashine ilimuua masikio. Miaka yote walidhani ni uzee.

Basi wadau, fungueni masanduku kabla mchwa hawajamaliza. Kama una neno lililokushinda, litupie hapo chini kwenye maoni, pamoja na mwaka, tusaidiane. Nawasilisha.