Ukakasi, Wala Si Uchungu

Haikunipendeza hata chembe kuona, katika orodha moja ya istilahi iliyotoka mikononi mwa kamati nisiyo na haja ya kuitaja, kwamba ile hali ya mvinyo mwekundu kuukaza ulimi na kuparuza ufizi imefasiriwa "uchungu", na pembeni pametiwa "utanini", kana kwamba kiambishi kimoja chatosha kumfanya mgeni kuwa mwenyeji. Uchungu ni wa shubiri na mwarobaini. Hiyo ni ladha. Hili tulisemalo ni mguso: tanini hushikamana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, kinywa kikakauka. Aliyekula bibo au ndizi mbichi alilifahamu jambo hili kabla ya kamati yoyote kuketi, akaliita ukakasi.

Tanini, kwa asili yake, si neno la mezani. Latokana na Kifaransa, katika jina la gome la mwaloni lililosagwa ili kudabighi ngozi; nasi watu wa pwani gome la kazi hiyo twalijua, maana magome ya mikoko ya Lamu na ya Rufiji yalipakiwa majahazini na merikebuni kwa ajili hiyo hiyo. Ndipo bingwa mmoja, aliyebobea katika Kiarabu kuliko katika kuonja, akashikilia tuseme "udabaghi". Neno hilo lataja kazi ya fundi wa ngozi. Kile kinachosikika ulimini halikitaji kabisa.

Nami naing'ang'ania istilahi yangu kwa sababu humpa raia haki yake. Mtu asiyejua majina ya mizabibu wala miaka ya mavuno, akiketi Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mbele ya bilauri ya Chenin Blanc na nyingine ya mvinyo mwekundu wa Makutupora, mwambie autafute ukakasi: ataukuta katika mwekundu, kwani huo huchachuliwa pamoja na maganda na kokwa, ambamo tanini hukaa, ilhali mweupe hutengwa na maganda mapema. Atafune kipande cha nyama choma, aonje tena, ausikie ukilegea. Amekwisha kuhukumu na kustarehe bila idhini ya mtaalamu. Mwambie autafute uchungu, naye atakosa, kisha adhani kasoro iko katika ulimi wake, na dhuluma hiyo siisamehe.

Matumizi ni mepesi: mvinyo huu una ukakasi mkali, ule umepungua ukakasi kwa kukaa.