Seva yenye vichakataji viwili: Kagua ubao kabla ya kununua

KIIRUA, katika Kaunti ya Meru, kuna taasisi ya mafunzo ya kiufundi na hospitali ya misheni. Kwa asasi za aina hiyo, ambazo huhitaji mashine moja ya kuhudumia tarakilishi nyingi, seva kuukuu yenye nafasi mbili za vichakataji huweza kuonekana nafuu. Hata hivyo, mnunuzi asiyeufahamu ubao wake mkuu aweza kulipia kumbukumbu ambayo mashine haitaitambua.

Kichakataji hufanya hesabu na kutekeleza amri za programu. Kumbukumbu ya muda nayo hushikilia kazi inayoendelea, na hufutika umeme unapokatika.

Katika seva nyingi za zamani, vichakataji vyote viwili viliifikia kumbukumbu kupitia kituo kimoja ubaoni, mithili ya mashamba mawili yanayotegemea mfereji mmoja wa maji. Kampuni ya AMD iliubadilisha mpangilio huo ilipozindua Opteron mwaka wa 2003, nayo Intel ikafuata kwa Xeon 5500 mwaka wa 2009. Tangu hapo, kila kichakataji kina nafasi zake cha kuchomekea kumbukumbu. Kikihitaji data iliyo upande wa mwenzake, hupitia kiungo maalumu, na safari hiyo huchukua muda zaidi.

Kwa sababu hiyo, kichakataji cha pili kisipokuwapo, nafasi zake za kumbukumbu hazifanyi kazi. Chukua mfano wa ubao wenye nafasi 12, sita kila upande, na kichakataji kimoja tu. Ukichomeka vipande 8 vya gigabaiti 4, utapata gigabaiti 24 badala ya 32.

Anayeongeza kichakataji cha pili yafaa achague kinachofanana na cha kwanza, kisha agawe vipande vya kumbukumbu sawasawa pande zote mbili. Aghalabu vipande vya seva havifanyi kazi katika tarakilishi za kawaida za mezani. Mfumo wa uendeshaji pia una mipaka yake: Windows 10 Home hutumia kichakataji kimoja tu, ilhali Windows 10 Pro hutumia viwili.

Kabla ya kulipa, basi, mnunuzi afunue kifuniko, ahesabu vichakataji vilivyomo, ndipo ahesabu nafasi za kumbukumbu.