Kutoka Seveleti hadi Wodini: Historia ya Mazingira ya Kutayarishia Programu za Wavuti kwa Java, Seva na Hifadhidata, 1995–2011

IKISIRI

Makala haya yanachunguza historia ya mazingira ya kutayarishia programu za wavuti kwa lugha ya Java, yaani mkusanyiko wa Java yenyewe, seva na hifadhidata, kuanzia mwaka 1995 hadi 2011. Mara nyingi historia hii husimuliwa kama mfululizo wa uvumbuzi wa kampuni za Marekani. Makala yanadai kwamba jambo lililoamua mwelekeo wake ni kuchapishwa kwa kanuni zilizotenganisha programu na seva, na programu na hifadhidata. Utengano huo uliwezesha sehemu za bure kuchukua nafasi ya sehemu za kulipia, na kwa njia hiyo mazingira hayo yakafika katika hospitali za Eldoret na Rwinkwavu na katika ofisi za afya za wilaya nchini Kenya. Hata hivyo, makala yanaonesha kwamba gharama haikutoweka: ilihama kutoka kwenye leseni kwenda kwenye ujuzi wa yule anayesakinisha na kuitunza seva.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeandaa kompyuta yake kwa ajili ya kazi ya wavuti kwa Java hufuata hatua zinazofahamika. Husakinisha zana za Java na kukielekeza kigezo cha JAVA_HOME kwenye folda yake. Hupakua Tomcat na kuiwasha kwenye mlango namba 8080. Husakinisha MySQL, inayosikiliza kwenye mlango namba 3306, kisha huunda mtumiaji na nywila yake. Mwisho huongeza kiendeshi cha JDBC ili programu iweze kuzungumza na majedwali. Kosa dogo katika hatua yoyote hukwamisha zote zinazofuata.

Hatua hizi hufundishwa kana kwamba ndiyo tabia ya asili ya kompyuta, wala mwanafunzi haelezwi ni kwa nini ziko nyingi kiasi hicho. Swali linaloongoza makala haya ni jepesi kuuliza: kwa nini sehemu hizi zilitoka katika mikono tofauti, na zilipataje kuelewana? Jibu lake lina uzito kwa mtafiti wa historia ya teknolojia katika Afrika Mashariki, kwa sababu mifumo miwili mikubwa ya taarifa za afya katika eneo hili, OpenMRS na DHIS2, imejengwa juu ya mazingira hayo hayo.

2.0 Hali kabla ya Seva za Java

Java ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwezi Mei 1995, baada ya kazi iliyoanza mwaka 1991 chini ya James Gosling na wenzake. Ahadi yake kuu ilikuwa kwamba programu ikiandikwa mara moja ingeendeshwa kwenye mfumo endeshi wowote wenye mashine dhahania ya Java. Katika miaka ya mwanzo ahadi hiyo ilitazamwa zaidi upande wa kivinjari, ambako programu ndogo ya Java ilipakuliwa na kuendeshwa kwenye kompyuta ya msomaji. Seva haikuwa kiini cha mjadala.

Upande wa seva, kurasa zinazobadilika zilitengenezwa kwa utaratibu wa CGI, ulioanzia mwaka 1993 katika kituo cha NCSA huko Illinois. Kwa utaratibu huo, kila ombi la msomaji liliifanya seva ianzishe mchakato mpya, uendeshe programu, utoe jibu, kisha ufe. Utaratibu huu ulikuwa rahisi kueleweka, lakini ulielemea kompyuta pale maombi yalipoongezeka. Kila ombi lililohitaji data lilipaswa pia kufungua upya mawasiliano na hifadhidata, kazi ambayo mara nyingine ilichukua muda mrefu kuliko swali lenyewe.

Hifadhidata nazo zilikuwa na tatizo la namna yake. Nadharia ya majedwali yanayohusiana ilikuwa imetolewa na Edgar F. Codd mwaka 1970, na lugha ya SQL ilikuwa imeenea. Hata hivyo, kila mtengenezaji wa hifadhidata alikuwa na njia yake ya kuunganisha programu na bidhaa yake. Aliyeanza na hifadhidata moja alijikuta amefungwa nayo, kwa kuwa kuhamia nyingine kulimaanisha kuandika upya sehemu kubwa ya kazi.

3.0 Kanuni Mbili: JDBC na Seveleti

Mwaka 1997 ulileta kanuni mbili zilizobadili hali hiyo. Ya kwanza ni JDBC, iliyoingizwa katika toleo la 1.1 la Java mwezi Februari. JDBC haikuwa hifadhidata. Ilikuwa kiolesura: orodha ya amri ambazo mwandishi wa programu angezitumia bila kujali hifadhidata iliyo nyuma yake. Jukumu la kutafsiri amri hizo liliachiwa kiendeshi, na kiendeshi kingeweza kuandikwa na mtu yeyote. Mfano mzuri ni MySQL. Kiendeshi chake kilichotumika sana katika miaka ya mwanzo kiliandikwa na Mark Matthews kabla hajajiunga na kampuni ya MySQL AB. Kanuni ilipochapishwa, mtu wa nje aliweza kujenga daraja ambalo mwenye bidhaa hakuwa amelijenga.

Kanuni ya pili ni ya seveleti, yaani kipande cha programu ya Java kinachoishi ndani ya seva. Tofauti na CGI, seveleti hupakiwa mara moja ikabaki kwenye kumbukumbu, na maombi mengi huhudumiwa kwa pamoja ndani ya mchakato mmoja. Faida ya kasi ilionekana mara moja. Faida nyingine ilichelewa kutambuliwa: kwa kuwa seva na seveleti zilizungumza kwa kanuni iliyochapishwa, programu iliyoandikwa kwa seva moja iliweza kuhamishiwa nyingine. Toleo la 2.2 la kanuni hiyo, la mwaka 1999, lilikamilisha wazo hilo kwa kuanzisha faili la WAR, ambalo hubeba programu nzima, kurasa zake na mipangilio yake. Tangu hapo programu ya wavuti ikawa mzigo mmoja unaoweza kunakiliwa kwenye diski na kupelekwa mahali pasipo na intaneti. Kwa hospitali zitakazozungumziwa hapa chini, sifa hiyo ilikuwa na maana kubwa.

4.0 Tomcat na Kuachiwa Huru kwa Seva

Kanuni peke yake haimhudumii mtu, hivyo Sun ilihitaji seva ya mfano ya kuthibitisha kwamba kanuni ya seveleti inatekelezeka. Kazi hiyo ilifanywa na James Duncan Davidson. Mwaka 1999 Sun iliikabidhi seva hiyo kwa Apache Software Foundation, nayo ikatolewa kwa jina la Tomcat pamoja na msimbo wake wote. Ili msimbo huo uweze kujengwa kwenye mifumo endeshi tofauti, Davidson aliandika pia zana iitwayo Ant, ambayo baadaye ilienea kuliko alivyotarajia. Hata mlango namba 8080 una sababu ya kihistoria: katika mifumo ya Unix, milango iliyo chini ya 1024 ilihitaji mamlaka ya msimamizi mkuu, ilhali 8080 ingeweza kutumiwa na mtumiaji wa kawaida.

Wakati huohuo soko lilielekea kwingine. Mwezi Desemba 1999 Sun ilitoa J2EE, mkusanyiko mpana wa kanuni kwa ajili ya mashirika makubwa, na seva kama WebLogic na WebSphere ziliuzwa kwa mabenki na makampuni ya simu. Tomcat ilitekeleza sehemu ndogo tu ya kanuni hizo. Hata hivyo, udogo huo ulikuwa nguvu yake, kwani iliweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani.

Sehemu nyingine zilifuata. MySQL, iliyoanzishwa nchini Sweden mwaka 1995, iliwekwa chini ya leseni ya GPL mwaka 2000. PostgreSQL, yenye asili yake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilikuwa tayari huru. Mwezi Novemba 2001 IBM ilitoa Eclipse, zana ya kuandikia programu, pamoja na msimbo wake. Java yenyewe ilipatikana bila malipo, ingawa Sun ilianza kuiweka chini ya GPL mwezi Novemba 2006 tu. Kwa hiyo, kufikia mwisho wa mwaka 2001, mtu aliweza kukamilisha mazingira yote, kuanzia kuandika msimbo hadi kuhudumia watumiaji, bila kununua leseni hata moja.

5.0 Eldoret na Rwinkwavu

Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kwa kutumia Microsoft Access. Mfumo huo ulikuwa zao la ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ushirikiano uliozaa mpango wa AMPATH wa kuhudumia watu wenye virusi vya UKIMWI. Access ilitosha kwa kituo kimoja. Idadi ya wagonjwa na kliniki ilipopanda kwa kasi, udhaifu wake ulidhihirika: haikubuniwa kwa ajili ya watumiaji wengi wa wakati mmoja, na faili lake halikuweza kuzidi gigabaiti 2.

Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walifika Eldoret kuchunguza namna ya kuupanua mfumo huo. Badala ya kuongeza viraka, walibuni mfumo mpya, na wakaungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health. Matokeo yake ni OpenMRS, iliyoandikwa kwa Java, ikaendeshwa na Tomcat na kutunza data katika MySQL. Ilianza kutumika Eldoret mwezi Februari 2006, na mwezi Agosti mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda.

Uteuzi wa mazingira haya ulilingana na mahitaji ya kliniki. Kivinjari kiliondoa ulazima wa kusakinisha programu kwenye kila kompyuta, na MySQL iliwaruhusu makarani wengi kuingiza data kwa pamoja. Faili la WAR liliweza kufikishwa kwenye hospitali ya vijijini bila kutegemea intaneti, na seva ikawekwa humo humo, ikahudumia majengo ya hospitali hata pale mawasiliano ya nje yalipokatika.

Hata hivyo, kila seva iliyowekwa ilidai mtu wa kuitunza. Umeme ulipokatika katikati ya kuandika, ni lazima awepo wa kuthibitisha kwamba majedwali hayajaharibika. Nakala za akiba zilipaswa kuchukuliwa na, jambo linalosahauliwa mara nyingi, kujaribiwa. Si bahati tu kwamba huko Rwanda Partners In Health iliendesha mafunzo ya Java kwa wahitimu wa nchi hiyo. Fedha ambazo zingelipia leseni zililazimika kulipia watu.

6.0 Kenya na Seva Moja ya Taifa

Mfumo wa DHIS unatoa mfano wa pili. Toleo lake la kwanza lilibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, nalo pia kwa Access. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Oslo kiliongoza uandishi wa DHIS2 kwa Java, huku PostgreSQL ikiwa hifadhidata yake ya kawaida.

Laiti Kenya ingefuata mtindo wa zamani, kila wilaya ingekuwa na usakinishaji wake na kutuma taarifa kwenda juu kila mwezi. Badiliko lilitoka baharini. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilitia nanga Mombasa, na intaneti ya simu ikaimarika katika miji ya wilaya. Mwaka 2011, baada ya majaribio katika Mkoa wa Pwani, Kenya ilieneza DHIS2 nchi nzima ikiwa kwenye seva moja, na maofisa wa wilaya wakaifikia kwa kivinjari na modemu.

Uamuzi huu uliondoa mzigo wa kusakinisha katika wilaya zote, na kuulundika mahali pamoja. Mahali hapo palikuwa seva ya kukodi nje ya nchi, kwa kuwa ilikuwa na umeme na mawasiliano ya uhakika zaidi. Hapo ndipo swali la kiufundi lilipogeuka kuwa la kidola: je, takwimu za afya za taifa zilale wapi, na nani ashike nywila ya msimamizi?

7.0 Mjadala

Mifano hii miwili inaonesha mambo mawili. Kwanza, uhuru wa sehemu moja ulitegemea utengano wa sehemu zote. Jambo hili lilijaribiwa pale Sun ilipoinunua MySQL AB mwaka 2008, na Oracle ikainunua Sun mwaka 2010. Java na MySQL zikawa chini ya mmiliki mmoja. OpenMRS haikusimama, kwa sababu leseni zilizokwishatolewa hazikuweza kurudishwa. Tena, Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, alikuwa ameanzisha MariaDB kutokana na msimbo huohuo mwaka 2009.

Pili, uhuru wa kisheria haukuwa sawa na uwezo. Kliniki ilikuwa na haki kamili ya kuubadili msimbo wa Tomcat, lakini isipokuwa na mtu wa kusoma kumbukumbu za makosa, haki hiyo ilibaki karatasini. Eldoret na Rwinkwavu zilijibu tatizo hili kwa kuwaweka watu karibu na seva. Kenya ililijibu kwa kuipeleka seva karibu na umeme na mawasiliano. Kila jibu lilikuwa na bei yake: la kwanza liligharimu mafunzo yasiyokoma, na la pili likagharimu ukaribu wa taifa na data yake.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba hatua anazofuata mwanafunzi wa leo ni masalia ya maamuzi ya kihistoria. Anaongeza kiendeshi kwa sababu JDBC ilitenga programu na hifadhidata, na anapakua Tomcat kwa sababu kanuni ya seveleti ilitenga programu na seva. Wingi wa hatua hizo ndio gharama ya kutofungwa na mtengenezaji mmoja.

Kwa utafiti zaidi, inapendekezwa kwamba wanahistoria wakusanye masimulizi ya mafundi na makarani waliozihudumia seva hizo katika hospitali na ofisi za wilaya. Majina ya walioandika Tomcat na MySQL yamehifadhiwa pamoja na msimbo wenyewe. Kazi ya waliokesha wakirejesha nakala za akiba ili kliniki ifunguliwe asubuhi haijaandikwa popote kwa utaratibu, na bila kazi hiyo historia ya mazingira haya katika Afrika Mashariki itabaki nusu.