Buha Katika Makaratasi ya Wapita Njia

Nyumba ya Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ambako Stanley alikaa mwaka 1871 na Livingstone mwaka 1872, leo ni makumbusho. Mtu wa Kasulu au Kibondo akiingia humo asitarajie kukuta mengi ya kwao: katika maandishi ya wasafiri hao Buha, nchi ya Waha, ni kero ya njiani tu. Stanley alipokatiza kusini mwa Buha kumfuata Livingstone Ujiji, alidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na Mionvu, mtwale (chifu mdogo) wa Kimenyi. Alipoambiwa kuwa mbele wapo watwale wengine wanaomngoja, aliuepusha msafara wake usiku kwa msaada wa kiongozi wa njia. Kitabu chake cha 1872 kinayasimulia hayo kama unyang'anyi. Mimi nayasoma kama ushahidi wa utawala. Mnyang'anyi haketi kupatana kiasi, wala hana mwenzake anayetambulika mbele ya safari. Watwale wale walijua mipaka yao, na nguo walizodai zilihesabiwa kwa doti, kipimo cha kitambaa.

Utaniambia kwamba wingi wa watoza hongo unaonyesha kutokuwepo kwa dola. Unaonyesha tu kwamba haikuwa dola moja. Heru, ambayo ndiyo kiini cha Kasulu, ilikuwa na mwami (mfalme) wake. Muhambwe na Buyungu, upande wa Kibondo ya zamani, nazo zilikuwa na wao. Wapo pia watakaosema tumwache Stanley, tuwasikilize wazee. Wasikilizwe, naam, lakini nasaba nyingi ziliandikwa katika vitabu vya wilaya baada ya Gavana Cameron wa Tanganyika kuanzisha utawala kupitia watemi mwaka 1925, wakati ukoo uliothibitisha historia yake ulipata kiti. Masimulizi hayo nayo yana maslahi. Stanley alitaka kuwadhalilisha Waha, na bila kukusudia akatuachia maelezo ya vituo vyao vya ushuru. Ushahidi wa namna hiyo, unaomponyoka mtoa ushahidi, nauamini zaidi ya sifa zake.

Hata hivyo Stanley aliona ukingo tu wa Buha. Kwenye milima ya Heru na Muhambwe mamlaka yalisimama juu ya ng'ombe: mwenye mifugo alimgawia asiye nayo, naye akawa mtu wake kwa ubugabire. Msafara ulioinyatia njia usiku, ukikwepa vijiji, usingeweza kuona hilo.