Utando unaohisi mwanga: Siri ya bamba la kuchapia na prufu ya rangi

GAZETI, kalenda ya ukutani, kitabu cha shule na kasha la dawa ya meno vina asili moja isiyofahamika kwa wengi. Kabla wino haujagusa karatasi, maneno na picha zote hupitia kwanza katika utando mwembamba wa kemikali ambayo hubadilika tabia inapopigwa na mwanga.

Utando huo hupakwa juu ya bamba la alumini, ambalo mafundi viwandani huliita pleti. Bamba lenyewe kwa kawaida lina unene wa kati ya milimita 0.15 na 0.3, na utando ulio juu yake ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu.

Historia ya utando huo, tangu lami iliyotumika Ufaransa katika miaka ya 1820 hadi mabamba ya leza ya sasa, ni historia ya kutafuta jambo moja: kemikali inayobadilika pale tu inapoamriwa, na kutulia wakati mwingine wote. Kila ilipokosekana kemikali ya namna hiyo, aliyelipa gharama alikuwa mchapaji, mteja au fundi mwenyewe kwa afya yake.

Mafuta na maji

Uchapaji wa ofseti, ambao hutumiwa na magazeti mengi duniani, unategemea ukweli unaojulikana kwa kila mpishi kwamba mafuta na maji havichangamani. Mjerumani Alois Senefelder aliutumia ukweli huo mjini Munich mwishoni mwa miaka ya 1790, alipovumbua uchapaji wa jiwe. Sehemu ya jiwe iliyochorwa kwa mafuta ilipokea wino, na sehemu iliyoloweshwa kwa maji iliukataa.

Katika ofseti, alumini imechukua nafasi ya jiwe. Uso wa alumini hukwaruzwa kwa ustadi ili uweze kushika maji, na utando unaobaki juu yake hushika wino. Wino huo huhamia kwanza kwenye blanketi la mpira, na blanketi ndilo linalougandamiza kwenye karatasi.

Hivyo kazi yote ya kutengeneza bamba ni kuhakikisha kwamba utando unabaki mahali penye herufi au picha, na unaondoka mahali penye weupe. Kazi hiyo hufanywa na mwanga.

Zipo namna mbili. Katika namna ya kwanza, mwanga huufanya utando kuwa mgumu, na sehemu ambazo hazikupigwa na mwanga huoshwa zikaondoka. Katika namna ya pili, mwanga huulainisha utando hadi ukaweza kuyeyuka katika dawa, na sehemu zilizokuwa kivulini ndizo zinazobaki.

Kuanzia lami hadi ute wa yai

Aliyetangulia katika njia hii ni Mfaransa Joseph Nicéphore Niépce. Aliyeyusha lami ya asili katika mafuta ya mlavenda, akaipaka juu ya bamba la madini na kuliweka bamba hilo kwenye mwanga wa jua. Lami iliyopigwa na jua ikawa ngumu, na iliyokuwa kivulini ikaoshwa kwa mafuta.

Mwaka 1826 alinakili kwa njia hiyo mchoro wa Kadinali Georges d'Amboise, na bamba lake likachongwa kwa asidi na kuchapwa na Lemaître, mchongaji wa Paris. Lami hiyo hiyo ndiyo iliyotoa picha ya kamera ya kale kuliko zote zilizosalia, iliyopigwa kutoka dirishani huko Le Gras mwaka 1826 au 1827, na ambayo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani.

Hata hivyo, lami ilihitaji saa nyingi za jua. Ufumbuzi ulitokana na chumvi yenye rangi ya chungwa iitwayo potasiamu daikromati. Mwaka 1839 Mungo Ponton wa Scotland alionyesha kwamba karatasi iliyochovywa katika chumvi hiyo hubadilika rangi juani.

Mwaka 1855 Mfaransa Alphonse Poitevin alipiga hatua kubwa zaidi. Aligundua kwamba jelatini iliyochanganywa na daikromati hubadilika inapopigwa na mwanga, ikakataa maji na kupokea wino wa mafuta. Kuanzia hapo picha iliweza kuhamishiwa kwenye jiwe na baadaye kwenye madini bila kuchorwa upya kwa mkono.

Badala ya jelatini, viwanda vingi vilitumia pia gundi ya miti ya migunga, na hata ute mweupe wa yai. Hadi katikati ya karne ya 20, mabamba mengi ya zinki na alumini yalipakwa ute huo uliochanganywa na daikromati.

Ila mchanganyiko huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: haukujua kusubiri. Utando wa daikromati huendelea kuwa mgumu hata ukiwekwa gizani, na joto na unyevu huharakisha mabadiliko hayo. Fundi alilazimika kupaka bamba na kulitumia siku hiyo hiyo. Katika miji ya joto na unyevunyevu, kama ilivyo ya pwani ya Afrika Mashariki, muda huo huwa mfupi zaidi.

Kemikali iliyojua kusubiri

Ukombozi ulitoka katika kiwanda cha Kalle, mjini Wiesbaden, Ujerumani. Kiwanda hicho tayari kilikuwa kikitengeneza karatasi za kunakilia michoro ya wahandisi zilizoitwa Ozalid, kwa kutumia kemikali za jamii ya diazo.

Mwaka 1944 Oskar Süss, mkemia wa kiwanda hicho, alichapisha maelezo ya namna kemikali moja ya jamii hiyo inavyogeuka. Inapopigwa na mwanga, hupoteza naitrojeni, na kwa msaada wa maji hugeuka kuwa asidi. Asidi hiyo huyeyuka kwa urahisi katika dawa ya alkali, ilhali kemikali ya awali huuzuia utando usiyeyuke.

Faida yake ilikuwa kubwa. Bamba liliweza kupakwa utando kiwandani, likafungwa katika karatasi isiyopitisha mwanga, likasafirishwa na kukaa stoo kwa miezi mingi likiwa bado zima. Nchini Marekani, kampuni ya 3M nayo iliingiza sokoni mabamba ya alumini yaliyokwisha pakwa utando mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kemikali hizo huhisi zaidi mionzi ya urujuanimno na mwanga wa buluu, na haziguswi na mwanga wa manjano. Ndiyo sababu vyumba vya kutengenezea mabamba huwekwa taa za manjano, na fundi akaweza kuona anachokifanya bila kuharibu bamba.

Kutoka kwenye pleti hadi kwenye kompyuta

Matunda ya kemikali hiyo hayakuishia katika uchapaji. Katika miaka ya 1960, kampuni ya Azoplate ya New Jersey, Marekani, iliyokuwa tanzu ya Kalle, iliiuza kwa watengenezaji wa vifaa vya elektroniki. Herufi AZ, zinazotambulisha dawa hizo hadi leo, zilitokana na jina la kampuni hiyo.

Mafundi wa elektroniki waliipaka juu ya vipande vya silikoni kama wachapaji walivyoipaka juu ya alumini. Mwanga ulipita katika mchoro, sehemu zilizoguswa zikaoshwa, na njia nyembamba za umeme zikachongwa mahali palipobaki wazi. Chipu nyingi za kompyuta zilizotengenezwa katika miaka ya 1980 zilipita katika utando wa aina hiyo.

Prufu ni mkataba

Picha ya rangi huhitaji mabamba manne: la samawati, la majenta, la manjano na la wino mweusi. Kila bamba huchapa nukta ndogo sana, na jicho huzichanganya nukta hizo zikawa rangi kamili. Kosa dogo katika bamba moja hutosha kuufanya uso wa bibi harusi uwe na rangi ya kijani.

Kwa sababu hiyo, mteja huonyeshwa prufu, yaani nakala ya mfano, kabla mtambo haujawashwa. Anapoitia saini, anakubali kwamba rangi hizo ndizo anazozitaka. Ukitokea ugomvi kuhusu nani alipie nakala elfu kumi zilizoharibika, prufu yenye saini ndiyo shahidi wa kwanza.

Zamani prufu ilichapwa kwa mabamba halisi na wino halisi, na gharama yake ilikuwa kubwa. Kemikali zinazohisi mwanga zilileta njia rahisi zaidi. Mfumo wa Color Key wa kampuni ya 3M ulitumia karatasi nne angavu, kila moja ikiwa na rangi yake, zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Katika miaka ya 1970, kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta Cromalin. Mfumo huo ulitumia utando wa polima wenye kunata. Utando ulibandikwa juu ya karatasi na kupigwa mwanga kupitia filamu. Sehemu zilizoguswa na mwanga zikaacha kunata, na zilizokuwa kivulini zikaendelea kunata. Fundi alipopaka unga wa rangi, unga ulishika penye kunata peke yake. Kazi hiyo ilirudiwa mara nne hadi picha ikakamilika.

Prufu za namna hiyo zilikuwa nzuri mno kwa magazeti. Karatasi yake ilikuwa nyeupe na yenye kung'aa, ilhali karatasi ya gazeti ni ya kijivu na hunywa wino. Mteja aliyeahidiwa wekundu mkali wa prufu aliweza kupewa wekundu uliofifia wa gazeti, na lawama zikamwangukia mchapaji.

Leza yaondoa filamu

Katika maonyesho ya uchapaji ya drupa yaliyofanyika Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1995, mitambo ya kuhamisha kurasa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye bamba ilikuwa gumzo kuu. Filamu, iliyokuwa kiungo cha lazima kati ya picha na bamba, ikaanza kuondoka.

Mabamba mapya yaligawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza huhisi leza ya urujuani yenye mawimbi ya nanomita 405 hivi. Kundi la pili huhisi joto la leza ya infraredi isiyoonekana kwa macho, yenye mawimbi ya nanomita 830 hivi.

Mabamba ya joto yamekaribia kuitimiza ndoto ya tangu zamani. Utando wake haubadiliki mpaka joto lifikie kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho hutulia, na juu yake hugeuka mara moja. Yapo pia mabamba yasiyooshwa kwa dawa yoyote, kwa kuwa utando usiotakiwa huondolewa na maji na wino wa mtambo wenyewe kazi inapoanza.

Hivyo kemikali ya pleti ilisaidia kuizaa kompyuta, na kompyuta ikarudi kuiondoa filamu katika chumba cha pleti. Pamoja na filamu iliondoka kazi ya mafundi waliozikata na kuzipanga juu ya meza ya mwanga, ustadi uliowachukua miaka kujifunza.

Prufu nazo zimebadilika. Nyingi hutolewa kwa printa ya wino wa kurushwa, na rangi zake hupimwa kwa kifaa. Kiwango cha kimataifa cha prufu hizo, ISO 12647-7, kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2007.

Hatari iliyobaki mikononi

Hata hivyo, njia za zamani hazijafa zote. Uchapaji wa skrini, unaotumika kwa fulana, kofia na mabango ya kitambaa, bado hutegemea utando unaopigwa mwanga kupitia filamu. Baadhi ya dawa za kuuhisisha mwanga utando huo zina daikromati.

Kromi ya aina iliyomo katika daikromati imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Aidha, huunguza ngozi na kuleta ukurutu, maradhi yaliyowasumbua wachapaji tangu enzi za mabamba ya ute wa yai. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, matumizi ya potasiamu daikromati bila kibali maalumu yalikoma Septemba 21, 2017.

Mbadala upo. Dawa za diazo na za polima hufanya kazi hiyo hiyo bila kromi. Fundi anayelazimika kutumia daikromati anapaswa kuvaa glavu na kinga ya pua, na asimwage masalia katika mtaro wa maji.

Kwa mteja, tahadhari ni nyepesi zaidi. Rangi zinazofanana chini ya taa moja huweza kutofautiana chini ya taa nyingine, na kwa sababu hiyo wachapaji hukagua prufu chini ya taa maalumu yenye mwanga wa kelvini 5,000, unaokaribiana na wa mchana.

Asiye na taa hiyo aipeleke prufu dirishani mchana, mahali pasipo na jua la moja kwa moja, aulize kama karatasi yake inalingana na ile itakayochapwa, na abaki na nakala iliyotiwa saini na pande zote mbili. Picha iliyoonekana kwenye kioo cha simu au kompyuta haitoshi, kwa kuwa kioo hutoa mwanga wake chenyewe, na karatasi huazima mwanga wa mahali ilipo.