Bahar na Meryem: Wanawake wa Kijijini katika Sinema ya Uturuki

Maji, ardhi na mwanamke: katika filamu *Susuz Yaz*, yaani "Kiangazi Kisicho na Maji", mkulima mmoja anavitaka vyote viwe vyake.

Metin Erksan aliipiga filamu hiyo kijijini Bademler, karibu na Izmir. Mkulima huyo, Osman, anaziba chemchemi, majirani wanakauka, na ugomvi unazaa mauaji. Mdogo wake Hasan anabeba kosa la kaka yake na kwenda jela. Bahar, mke wa Hasan, anabaki nyumbani na shemeji anayemvizia na kumdanganya kuwa mumewe amefia gerezani. Mwaka 1964 filamu ilitunukiwa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin.

Aliyeigiza Bahar ni Hülya Koçyiğit, wakati huo bado binti mdogo.

Mwaka 1973 alirudi akiwa Meryem katika filamu *Gelin* ya Lütfi Akad. Familia ya Meryem imehama kutoka Yozgat kwenda Istanbul. Mwanawe anaugua moyo, lakini baba mkwe anaelekeza fedha kwenye duka. Mtoto anafariki siku ya Idi ya kuchinja. Meryem analitia duka moto, kisha anakwenda kuajiriwa kiwandani.