Nani Asikike Mbele? Safari ya Kuchanganya Sauti, kutoka Misafara ya Unyanyembe hadi Kompyuta

Wengi hudhani kwamba kuchanganya sauti ni ufundi uliozaliwa na kompyuta. Kwa hakika mashine ni chombo tu. Kiini cha kazi hiyo ni uamuzi: sauti ipi itangulie, ipi ifuate, na ipi ikae nyuma kama kivuli. Uamuzi huo ulikuwapo Unyanyembe kabla ya umeme. Kilichobadilika katika historia ni mwenye kuushika, na mabadiliko hayo yanamhusu kila mtu anayetunga maneno ili yaimbwe.

Novemba 1857, Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, mahali panapoitwa Tabora leo. Njia waliyoifuata ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, na ngoma haikuwa mbali naye. Nyimbo za safari ziliimbwa kwa kupokezana, mmoja akitoa na wengi wakiitikia. Natuuwazie msafara wa namna hiyo ukipita jirani na Itetemia, makao ya watemi wa Unyanyembe. Hapakuwa na fundi mitambo. Umbali, upepo na nguvu za pumzi ndizo zilizopima sauti. Wengi walinyamaza mmoja alipotoa ubeti, ili neno lifike. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya uchanganyaji, nayo haijabatilika: ukitaka sauti moja isikike, zipunguze nyingine kabla ya kuipandisha yenyewe.

Mashine ilipokuja, ilikuja na masharti yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Sauti zote ziliingia kwa pamoja na kuchongwa katika nta. Upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu, basi utungo mrefu ulilazimika kupunguzwa au kugawanywa. Kuhariri hakukuwezekana: aliyekosea neno katika ubeti wa mwisho aliwarudisha wote mwanzo. Sauti zilisawazishwa kwa miguu, yaani mwimbaji alisogezwa karibu na kinasa sauti, na mwenye chombo chenye kishindo akarudishwa nyuma.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa na makazi yake Afrika Kusini, alizunguka Tanganyika akinasa ngoma na nyimbo za makabila mbalimbali. Yeye hakukiacha kinasa sauti kisimame mahali pamoja. Alikishika mkononi na kukisogeza, sasa kwa mwimbaji, sasa kwa mpiga ala, kadiri wimbo ulivyokwenda. Huo ulikuwa uchanganyaji wa papo kwa papo. Rekodi zake ni hazina, lakini tukumbuke kwamba tunachokisikia mbele ndicho alichokichagua yeye. Uamuzi ulikuwa umetoka kwa waimbaji na kuingia katika mkono wa msikilizaji mmoja.

Tabora yenyewe ilikuwa mji wa muziki wa dansi. Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz ni majina ambayo wazee wa Magharibi hawahitaji kukumbushwa. Baada ya Radio Tanzania Dar es Salaam kuundwa mwaka 1965, studio yake ikawa mlango mkuu wa kurekodia bendi za nchi. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ndiyo iliyowaunganisha wanamuziki wa bara na mji huo wa pwani. Bendi ilipiga pamoja, mkanda ukizunguka. Gitaa la solo, rithimu, besi, tumba na waimbaji walipatana wenyewe kwanza, kisha fundi akarekebisha viwango. Ndiyo maana katika nyimbo za wakati ule gitaa hujibu mwimbaji anapovuta pumzi, wala halimkanyagi. Fundi aliwakuta wamekwisha kujichanganya.

Huko Uingereza, The Beatles walirekodi albamu yao ya 1967, Sgt. Pepper, kwa mashine za njia nne. Kila njia ilibeba sauti yake na iliweza kupandishwa au kushushwa baadaye. Kompyuta iliongeza njia hizo hata zikawa hazihesabiki kirahisi. Miaka ya 1990 studio za watu binafsi zilichipuka Dar es Salaam, mfano MJ Records na Bongo Records, na Bongo Fleva ikapata masikio ya taifa. Leo kijana wa Itetemia mwenye kompyuta ndogo ana uwezo ambao redio ya taifa haikuwa nao. Anaweza kupanga kiwango cha kila sauti, kuiweka kushoto au kulia, kupunguza uzito wa besi, kubana tofauti ya kelele na mnong'ono, kuongeza mwangwi, na kukata silabi moja na kuibandika pengine.

Hapo ndipo mtunzi anapopaswa kuwa macho. Sauti za f, s, sh na th hukaa juu katika masafa, mahali palepale unapokaa mchakacho wa mkanda wa zamani. Fundi akisafisha mkanda kwa pupa, huufuta mchakacho pamoja na konsonanti. Hapo msikilizaji hatambui kama mwimbaji amesema "fika" au "shika", "thamani" au "samani". Manyanga nayo huyeyuka. Mwangwi ukizidi, mwisho wa mstari huingia katika mwanzo wa mstari unaofuata, na kina alichokihangaikia mshairi hupotea. Pumzi zikikatwa zote, kituo hutoweka. Silabi ikinyofolewa ili kulingana na mdundo, mizani imevunjwa, hata kama karatasini ingali minane kwa minane.

Simlaumu fundi. Yeye hulisikia neno kama sauti, na hiyo ni kazi yake halali. Mshairi hulisikia neno kama neno, na hiyo nayo ni kazi. Zamani kazi hizo mbili zilikutana katika chumba kimoja, hata kabla ya mkanda kuanza kuzunguka. Leo mtunzi hutuma maneno kwa simu, akaupokea wimbo uliokwisha kukamilika. Hajui ni neno lake lipi lililobaki njiani.

Basi wapenzi wa lugha, tuketi tena na mafundi. Wimbo upigwe kwa sauti ya chini, katika redio ndogo au simu, mbele ya mtu asiyeujua. Aombwe kuandika anachosikia. Akikosa neno, ala zishushwe kwanza, kisha ndipo mwimbaji apandishwe. Na kwa mikanda ya zamani, nakala ndiyo ihaririwe. Mkanda wenyewe uhifadhiwe na mchakacho wake. Masikio ya kesho huenda yakasikia ndani yake kitu ambacho sisi tumekiita kelele.